Maneno Arobaini na Matatu Niliyomfundisha Wifi Yangu

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unijibu mapema mwezi huu, kwa sababu mwezi ukiisha hata ukinijibu litakuwa jibu la kusoma tu, na kama ni kunisema niseme hapa hapa gazetini, mimi nimeshajisema mpaka nimechoka.

Ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimeolewa, nina watoto wawili, tunaishi Moshono. Mume wangu Aminiel ni dereva wa watalii na kwao ni Akheri, nyumba ya mzee Sumari, watu wa kahawa na migomba, Walutheri wa siku nyingi wanaoheshimika. Mimi nilimaliza kidato cha sita nikapata daraja la pili, na somo nililoliweza kuliko yote lilikuwa Kiingereza, na tangu kidato cha tatu nilikuwa na daftari langu kubwa ninaloandika maneno magumu, upande wa kushoto neno, upande wa kulia maana yake kwa Kiswahili, mpaka naolewa lilikuwa na maneno mia sita na kitu. Nakuambia haya ili ujue kwamba sikuwa mtu wa kukaa tu nyumbani. Siku wazee walipoleta posa kwetu baba yangu aliuliza swali moja, kwamba shule ya huyu mtoto itakuwaje, na mzee Sumari akasimama mbele ya wazee wa pande zote mbili akasema, "Huyu tunamchukua pamoja na shule yake." Watu wakapiga makofi, na mama yangu akanifinya mkono kwa furaha.

Shule yenyewe haikuja. Kwanza ilikuwa mimba, subiri ujifungue, kisha mama mkwe akavunjika nyonga nikaenda Akheri kumuuguza mwaka mzima, kisha mtoto wa pili, kisha nikaambiwa subiri Aika amalize sekondari, wawili hawawezi kusoma kwa pamoja. Aika ni Aikaeli, wifi yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, sasa ana miaka ishirini na anaishi na sisi. Ni binti mpole, hana neno na mtu, ananiamkia shikamoo kila asubuhi hata siku tumeamka tumenuniana.

Jumapili moja mwaka jana tumetoka kanisani, nimepika ndizi nyama, Aminiel akaweka mezani bahasha ya chuo kimoja cha huku kwetu, chuo ambacho hakiangalii sana matokeo ya sekondari, kina mtihani wake wa kuingilia, na nusu ya mtihani huo ni maneno magumu ya Kiingereza, unapewa neno na maana nne unachagua moja. Mshauri, mimi nilifikiri fomu ni yangu. Nilifuta mikono kwenye kitenge ili nisiichafue, nikaifungua, nikakuta imeshajazwa jina la Aika. Mume wangu akasema huku anakula, "Utamfundisha hayo maneno. Wewe si unayajua, na kwako hayana kazi tena." Hakusema kwa ubaya. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi, kwamba hakusema kwa ubaya, aliomba na pilipili papo hapo.

Nikakubali. Daftari langu sikutaka kumpa, nikasema nitamnakilia jipya, na hapo ndipo dhambi yangu ilipoanzia. Neno la kwanza kulibadilisha lilikuwa candid, ambalo ni mtu msema kweli asiyeficha kitu, mimi nikaandika mnafiki. Nikalitazama, nikangoja moyo unisute, haukunisuta, nikaendelea. Frugal, mtu anayetumia vitu kwa uangalifu, nikaandika mlafi. Reluctant, mwenye kusitasita, nikaandika mwenye hamu. Sikubadilisha yote, mimi si mjinga, ningebadilisha yote angeshtuka, nilibadilisha arobaini na matatu tu, yale yanayopenda kuja kwenye mitihani, na nayakumbuka yote mpaka leo. Simu yake ni kitochi, mama mkwe alisema simu ya kugusa ataipata akifaulu, na kamusi ya nyumbani ni yangu, nikaifungia sandukuni nikasema ilipotea tulipohama kutoka Lemara.

Tulisoma miezi minne. Kila alasiri akishaosha vyombo tunakaa uani, mimi nachambua mboga, nataja neno, yeye anataja maana. Akisema candid ni mnafiki namwambia vizuri sana. Ana kichwa chepesi kuliko changu, mshauri, neno akilisikia mara mbili halitoki, na nilikuwa naliona hilo na bado nikaendelea.

Akafeli kwa alama sita. Siku ya majibu hakulia, alikaa kwenye ngazi ya mlango akaniambia, "Wifi, mimi sielewi. Yalikuja maneno yale yale ya daftari letu, nikayajibu bila hata kufikiria." Mama mkwe alikuwepo, akasema basi, kichwa cha huyu ni cha kuchuma kahawa, cha vitabu hakipo. Na Aika akaitikia. Tangu siku hiyo akiulizwa kitu, hata chumvi iko wapi, anaanza kwa kusema mimi kichwa changu si mnakijua. Watoto wangu wameshaanza kumuiga.

Roho ikaanza kunila. Wiki ya Pasaka tulikwenda Akheri, nikachuma jani la isale kwenye mpaka wa shamba. Kama wewe si wa huku, jani hilo kwetu ndilo la kuombea msamaha, ukimpelekea mtu hata kwa kosa kubwa namna gani hawezi kukukatalia, akikataa yeye ndiye anayegeuka mkosaji. Nikampelekea Aika jikoni, nikampa kwa mikono miwili, nikasema nisamehe kwa yote niliyokukosea. Kosa sikulitaja. Nilijua hawezi kukataa, na nilijua hataniuliza, kwa sababu ni mdogo kwangu na jani limeshafika mkononi. Alilia. Akasema, "Wifi, mimi ndiye niliyekuaibisha, umenifundisha vile na bado nikafeli. Wewe ndiye unisamehe mimi." Na mimi, mshauri, nikamsamehe.

Sasa mtihani unarudi. Mzee amekubali ajaribu mara ya mwisho, ni tarehe ishirini na nane, na akishindwa anakwenda Ngarenanyuki kwa kaka yao Yoeli kulima nyanya, habari ya chuo isitajwe tena katika nyumba ile. Aika amerudi kwenye daftari lile lile. Anasoma anafua, anasoma anasonga ugali, namsikia kupitia dirishani candid mnafiki, frugal mlafi, anarudia mara tatu tatu ili yasimtoke. Mwezi uliopita kwenye umoja wa vijana kanisani mwalimu mmoja anaitwa Ezra alimwambia kwamba reluctant maana yake si hiyo, na Aika, mpole vile, akambishia mbele za watu, akamwambia wifi yangu ndiye aliyenifundisha na wifi yangu hakosei. Alikuja kunisimulia akicheka, akasema amenitetea. Nilimshukuru, nikaingia chooni nikakaa humo mpaka watoto wakagonga.

Na nikuambie lililo baya kuliko yote, maana jina langu hulijui. Siku nyingine nikimsikia anayarudia nafurahi. Nafurahi kabisa, moyo unapoa. Miaka tisa nimengoja, hakuna aliyeniuliza umefikia wapi, hakuna hata anayekumbuka kwamba palikuwa na ahadi, mzee Sumari mwenyewe nikimwandalia chai anaomba dua nipewe nguvu za kulea. Halafu furaha ikiisha nafunga dirisha nisimsikie.

Ninachoomba ni unipe njia ya kulisahihisha lile daftari bila kusema. Nimefikiria niseme nilikosea kunakili, au daftari liungue jikoni kwa bahati mbaya nimwandikie jingine, au nimwambie siku hizi maana zimebadilika. Nikisema ukweli Aminiel atanirudisha kwetu, watoto atawalea mama mkwe, na kila Jumapili baada ya ibada, watu wakisubiri mnada wa ndizi na mayai ya sadaka uanze, nitakuwa ndiyo habari ya kupitishia muda. Je, ni lazima aujue ukweli wote? Na je, si nimeshasamehewa kwa lile jani?

Ni mimi, mke wa mtu, Moshono.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu mpaka chai ikapoa, na majina yote, ya watu na ya vijiji, nimeyabadilisha kabla ya kuichapa. Nitaanza na pole kwa sababu pole unaistahili, halafu nitakusema, kwa sababu na hilo unalistahili na umeniruhusu mwenyewe.

Pole, dada. Ulidhulumiwa. Ahadi iliyosemwa na mzee akiwa amesimama, mbele ya wazee wenzake, haifutwi na mimba wala nyonga iliyovunjika. Kumweka mtu miaka tisa akingoja zamu yake, kisha kumpa fomu ya mwingine aisimamie, huo ni ukatili, hata kama unafanywa na watu wapole wanaosali kabla ya kula. Aminiel, siku utakapoambiwa haya, ujue kwamba siku ile ulimfuta mkeo huku unaomba pilipili. Hasira ya mkeo ilikuwa na haki.

Ila, dada, hasira hiyo ilikosea mlango. Aliyekuahidi ni mzee Sumari. Aliyesahau ni mumeo. Hao uliendelea kuwapikia ndizi nyama na kuwaandalia chai. Ukaenda kumlipizia binti ambaye siku ya posa yako alikuwa na miaka kumi na moja, kazi yake kubeba sahani za wageni. Wakubwa uliwaogopa, mdogo ukamweza. Usiniletee habari ya uchungu wa shule hapo, maana mwenye uchungu wa shule kweli humwonea huruma anayeitafuta. Tena ulikuwa mwalimu hodari. Aika hakushindwa kusoma, alisoma kila ulichomwandikia na akakijibu kama ulivyomfundisha.

Sasa hilo jani. Mimi si mgeni wa milima hiyo, kwa hiyo usinizungushe. Isale hufuata kosa lililotajwa. Mtu husema nimefanya hivi na hivi, ndipo jani linapoombea. Wewe ulimfunga binti wa watu mdomo kwa mila ya babu zake, akasamehe asichokijua, na alipogeuka akakuomba yeye msamaha, ukampa. Hapo nilivua miwani. Yale maneno uliyaandika na hasira, nitakuelewa kidogo. Hili la jikoni ulilifanya hasira imeshapoa, kwa akili zako timamu, wiki ya Pasaka. Unaniuliza kama umesamehewa. Hujasamehewa, na usiulize tena.

Unataka njia ya kusahihisha daftari kimya kimya. Hata kama ningekuwa na moyo wa kukupa, haitafanya kazi. Ameyarudia maneno hayo zaidi ya mwaka, anayarudia anasonga ugali, yameshamkaa. Amembishia mwalimu mzima kwa ajili yako. Ukimletea daftari jipya na hadithi ya jiko kuungua, siku ya mtihani la zamani na jipya yatagombana kichwani, na atachagua la zamani kwa sababu ndilo alilojifunza kwa wifi asiyekosea. Akijua kwamba alidanganywa ndipo kichwa kitayatema. Hiyo ni sababu ndogo.

Sababu kubwa ni hii. Daftari utalisahihisha, je, lile aliloambiwa na mama yake kuhusu kichwa chake utalisahihisha kwa kalamu gani? Binti wa miaka ishirini anaulizwa chumvi iko wapi anaanza kuomba radhi kwa kichwa chake. Hata akifaulu safari hii ataamini ni bahati. Hata akiolewa, hata akizaa, ataamini hivyo, na wewe ndiye mtu pekee duniani unayejua kwamba si kweli. Ukinyamaza, hilo atazikwa nalo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nawe mwenzangu umeshafika kwenye lenta.

Unaogopa kurudishwa kwenu. Sitakudanganya, inawezekana, nami sina dawa ya kuizuia. Ninachoweza kukushauri ni kwamba usiwakabili wakwe peke yako. Nenda kwa mchungaji wenu, mweleze yote bila kupunguza, umwombe awepo siku mtakayokaa na mzee Sumari na mama mkwe, ili habari ya watoto izungumzwe na watu waliotulia. Mbele yao sema kwa kinywa chako kwamba kichwa cha Aika hakina kasoro, kasoro ilikuwa yako. Liseme hilo wiki hii hii, si baada ya mtihani. Watu wa mnadani watasema, ndiyo. Watasema hadi wapate mwingine wa kumsema.

Lakini Aika ajue kwanza. Kabla ya mchungaji, kabla ya mumeo. Umemkosea yeye, haiwezekani awe wa mwisho kuambiwa.

Na shule yako ipo. Ukishamaliza haya, chukua fomu yako mwenyewe, ijaze jina lako, umkumbushe mzee Sumari maneno aliyoyasema, kwa heshima lakini asikie. Akikataa, utakuwa umekataliwa na mtu aliyekuahidi, na safari hii utajua hasira uipeleke wapi. Ila si mwezi huu. Mwezi huu una kazi nyingine.

Gazeti hili linatoka Jumamosi, kwa hiyo ni kesho baada ya ibada, mchana, watoto uwapeleke kwa jirani. Toa hiyo kamusi sandukuni, uiweke mbele yake. Mfungulie daftari umwonyeshe neno moja moja, yote arobaini na matatu, na kila moja useme hapa nilikudanganya kwa makusudi. Kalamu ashike yeye, akate yeye, aandike yeye. Habari ya posa yako na miaka tisa usiitaje siku hiyo. Ni ya kweli, lakini siku hiyo si yako. Akitaka umfundishe upya, mfundishe mpaka tarehe ishirini na saba. Akisema hataki hata kukuona, mwachie kamusi na uende kumwomba yule mwalimu Ezra amsaidie. Anaweza kunyamaza. Anaweza kukutupia daftari usoni. Anaweza kukuita jina ambalo hujawahi kuitwa na mtu, nalo litakuwa jina lako halali. Wewe kaa hapo hapo usikilize. Na chochote kitakachotokea, usilie. Namjua Aika kwa barua yako tu, lakini nimemjua vya kutosha: akiona machozi yako ataweka kalamu chini aje kukubembeleza, na utakuwa umemnyang'anya hata hasira yake.